Beseni la Ndagala Kabla ya Bei

Pikipiki ilipotoka darajani na kuuacha mto Lukuga nyuma yetu, bado sikujua tunakwenda wapi hasa. Niliona tu kwamba barabara inapanda, nyumba zinapungua, na pikipiki ya mbele imebeba watu watatu na samaki. Nyuma kabisa, amekaa upande, alikuwa Mama Victorine, beseni la plastiki likiwa mapajani mwake, limefunikwa kwa kipande cha kikwembe, kitenge cha huku. Katikati alibanwa mdogo wake, Laurette, ambaye kila baada ya kona aligeuza shingo na kunipigia kelele.

"Ukifika kule, usisifu kitu! Hata ukipewa maji, kunywa na kununa!"

"Nitanuna," nilijibu.

"Nuna sasa, tukuone!"

Nilinuna. Dereva wao alinitazama kwenye kioo, akacheka hadi pikipiki ikayumba, na Mama Victorine akalikumbatia beseni kama mtoto mchanga.

"Weye, Laurette! Ndagala zikimwagika, utabaki hapa barabarani ukiziokota moja moja!"

Kisha naye akacheka. Kicheko cha Mama Victorine kinajulikana Kalemie. Pale ufukweni, mitumbwi ya ndagala, dagaa wa Ziwa Tanganyika, inaporudi alfajiri, wavuvi husema wanajua kama yupo kabla hawajaona mtu. Huanzia chini, kama injini inayokataa kuwaka, halafu kikishika hakizimiki. Na asubuhi ile kicheko hicho ndicho kilichokuwa tatizo, kwa sababu tulikuwa tunakwenda kutazama nyumba aliyoitaka sana, na mwenye nyumba hakutakiwa kujua kwamba anaitaka.

Nilikuwa nimefika siku nne kabla, kwa boti kutoka Kigoma hadi upande huu wa Kongo, nikisubiri treni ya kwenda Nyunzu na Kabalo. Kituoni hakuna aliyekubali kunitajia siku. Nikapanga chumba katika parseli, kiwanja chenye ua na vyumba, ambamo Mama Victorine naye alikuwa mpangaji, na kwa kuwa sikuwa na kazi nyingine nikajikuta nabeba mabeseni yake. Asubuhi ile alinichukua kwa sababu moja tu: kulingana na Laurette, nikinyamaza nafanana na mtu wa serikali aliyekuja kupima viwanja.

Mama Victorine ana miaka arobaini na mitatu. Mama yake alikuwa Mtabwa wa upande wa Moba, naye alikaushia ndagala mchangani, na mtoto akajifunza kugeuza samaki kabla ya kujifunza kusoma. Alipoolewa na Nicolas, fundi wa injini za mitumbwi, walijenga chini kabisa, karibu na maji, mahali ambapo angeweza kununua samaki mlangoni. Kisha ziwa likapanda. Lilianza kwa kulowesha kizingiti, wakaweka mifuko ya mchanga. Mwaka uliofuata lilikuwa linatembea sebuleni. Sasa ukipita kwa mtumbwi unaona ncha ya ukuta wa jikoni kwake, na ndege mweupe amesimama juu yake.

"Miaka yote tulikuwa tunalifuata ziwa," aliniambia kwa Kiswahili cha huku, ambamo ndipo na ndiyo huwa njo. "Sasa njo likasema, mimi nami nije kuwatembelea. Likaja na mizigo yake yote."

Tangu hapo ni miaka minne ya kupanga. Parseli ile ina ukuta mzuri na majirani wazuri, lakini iko shimoni, nyuma ya kilima, na hewa yake haitikisiki. Ndagala zinazotakiwa kukauka kwa siku moja zinachukua tatu. Zinageuka manjano, zinatoa mafuta, na wanunuzi wanaozipeleka Nyunzu na Kabalo wanazisogeza pembeni kwa kidole. Kwa hiyo kila asubuhi hubeba mabeseni kichwani mpaka kwa rafiki yake mmoja kule Kituku, anaanika huko, na jioni anarudi nayo. Shingo yake, anasema, imekuwa fupi kuliko ilivyoumbwa. Alitaka nyumba, ndiyo, lakini zaidi alitaka upepo. Nicolas, aliyekuwa Moba kwa kazi ya injini, alimpa ruhusa yote kwa simu: "Mimi nalala popote. Nunua pahali samaki watakubali."

Nimeona watu wakijiandaa kununua nyumba katika miji mingi. Istanbul nilimwona bwana mmoja akipanda ngazi mara tatu ili ahakikishe anaona maji akiwa amekaa kitini. Marseille wanauliza jua linaingia dirisha gani mwezi wa kumi na mbili. Sijawahi kumwona mtu aliyekwenda na samaki. Lakini mama yake Victorine alikuwa na sharti lake, na binti hawezi kuliruka: hutaji bei ya nyumba kabla hujaanika beseni moja katika ua wake. Midomo ya watu itakuambia lolote, alisema. Ndagala hazina sababu ya kukudanganya.

Laurette, kwa upande wake, anauza nguo za mitumba sokoni, na masharti yake ni ya uso. Mchana wa siku iliyotangulia alimfanyisha dada yake mazoezi. Alijivika sufuria kichwani kama kofia ya mwenye nyumba, akamsimamisha Victorine mbele ya chumba chake cha kupanga, akamwamuru atafute kasoro kumi.

"Mlango ni mufupi," alisema Victorine.

"Muzuri. Nyingine."

"Dirisha linatazama choo."

"Muzuri sana. Nyingine, na usinitazame kichwani."

Alimtazama kichwani. Kasoro ya tatu haikupatikana.

Nyumba ilikuwa ya mwisho kabisa kwenye mtaa wake, au avenue kama wasemavyo huku, pale kilima kinapoanza kushuka kuelekea ziwani. Vyumba vitatu vya matofali, baraza ya saruji, mti wa parachichi, na nyuma yake ua mpana ulioinama kidogo kama kiganja kinachopokea kitu. Chini, ziwa lilikuwa limelala, halina hata mkunjo. Mwenyewe alitusubiri barazani, amevaa kofia na saa ya mkononi, mzee mrefu wa miaka sitini na kitu.

Huyu alikuwa Papa Omer. Alizaliwa Nyunzu, katika familia ya wakulima, akaingia kazi ya reli akiwa kijana, na reli ikamleta Kalemie. Nyumba aliijenga chumba kimoja kimoja. Mke wake alifariki miaka miwili iliyopita, na sasa binti yao, Hélène, anayefundisha shule huko Kirungu, amemwita akaishi naye kule milimani kwenye baridi, ambako kuna maharage na wajukuu. Boti yake ya Moba, bandari ya kwenda huko, ilikuwa ya Jumamosi. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

Hii ilikuwa mara ya tatu kwa Victorine kuja, na kila mara Papa Omer alipanga saa mwenyewe: saa moja kamili asubuhi, na saa tatu muwe mmekwisha kutoka. Alisema ni mazoea ya reli. Jambo jingine nililoelezwa njiani ni kwamba katika avenue ile bei haitajwi ndani ya parseli inayouzwa. Unatazama, unauliza, unakunja uso. Siku ukiwa tayari unasema, "Papa, twende kwa shefu," na wote mnashuka mpaka kwa Papa Jean-Baptiste, shefu wa avenue, yaani mkuu wa mtaa, na kule ndiko maneno ya pesa yanasemwa mbele ya masikio yake. Ukishasema twende kwa shefu, umekiri kwamba unataka.

"Mumeamukaje?" Papa Omer alitusalimia. Akaniangalia mimi. "Na huyu?"

"Anatazama tu," alisema Laurette kwa sauti nzito. Nilinuna.

Laurette alianza kazi yake. Alipita vyumbani akigonga kuta kwa kifundo cha kidole. Choo kiko mbali. Mlango wa nyuma unalia. Parachichi litaangusha majani. Papa Omer alijibu kila kitu kwa upole, akatia mafuta mlango hapo hapo, akasema kuhusu parachichi, "Linaangusha na parachichi, mama, usisahau kuhesabu na hilo."

Victorine hakuwa anawasikiliza. Alisimama katikati ya ua, akalowesha kidole mdomoni, akakiinua. Akasubiri. Akachomoa uzi kwenye pindo la kikwembe chake, akauning'iniza kwenye tawi. Uzi ulining'inia wima kama umefungwa jiwe. Nilimwona akiutazama kwa uso ambao Laurette angeusifu, isipokuwa huu haukuwa wa mazoezi.

"Papa," alisema, "naomba kuanika beseni moja hapa. Moja tu. Njo desturi ya mama yangu."

Papa Omer aliitazama saa yake. "Kuanika? Mpaka saa ngapi?"

"Mpaka ziseme."

"Ziseme nini?"

"Pardon, Papa. Mpaka zikauke upande mumoja."

Alisitasita. Alivua kofia, akaivaa tena. Lakini hakuna mtu wa Kalemie anayeweza kukataa jambo lililoombwa kwa jina la mama wa mtu. Akatutolea mlango wa zamani wa waya, tukauweka juu ya matofali ukawa kichanja, na Victorine akamwaga ndagala zake, akazitandaza kwa viganja hadi hakuna iliyomlalia mwenzake. Ziling'aa kama vipande vya kioo. Kisha tukakaa barazani kusubiri.

Saa mbili. Saa mbili na nusu. Nzi wawili walikuja, wakatembea juu ya samaki bila haraka, na Victorine akawafukuza kwa jani. Papa Omer alituletea chai. Nilikunywa na kununa. Kadiri saa tatu ilivyokaribia ndivyo mzee alivyozidi kutotulia: alifunga madirisha ya upande wa ziwa, akaondoa taulo kwenye kamba, akaingiza kiti cha plastiki ndani.

"Mama, unajua, jua la hapa ni kali," alisema. "Ingekuwa vizuri muende. Samaki nitawaletea mimi."

"Tutangoja kidogo, Papa."

Alipoingia ndani, Victorine aliniinamia. "Vyumba ni vizuri," alinong'ona. "Huyu mzee ni muzuri. Nimekwisha kuweka kitanda cha Nicolas kwenye kichwa changu, nimeweka mpaka sufuria. Lakini hapa ni kama kule kwetu shimoni. Kama mpaka saa sita ni hivi, sitasema twende kwa shefu. Hii ni nyumba ya mwalimu, si ya ndagala. Sijui nitamwambia nini mama yangu."

"Mama yako si alifariki?"

"Njo maana sijui."

Aliegemea nyuma, akainua macho ili asilie mbele yetu, na macho yake yakaangukia bati. Yakakaa hapo. Akasimama, akashuka barazani, akarudi nyuma hatua kumi hadi alione paa zima. Bati lote lilikuwa limeshika kutu ya kahawia, isipokuwa madoa ya mviringo, mengi, yaliyopangwa mistari miwili mirefu, kila doa likiwa jeupe na kubwa kama sahani ya ugali. Kisha akageuka akatazama nyumba za majirani. Kila paa la avenue ile lilikuwa na mawe juu yake, mistari miwili mirefu.

"Papa Omer," aliita. "Majirani wako wote wako na mawe juu ya nyumba. Yako yalienda wapi?"

Mzee alitokea mlangoni. "Mawe gani?"

"Haya yaliyoacha alama."

Papa Omer aliangalia saa. Ilikuwa saa tatu na dakika ishirini. Alifungua mdomo ajibu, na ule uzi kwenye tawi ukainuka.

Uliinuka taratibu, ukalala hewani ukielekea bara. Halafu majani ya parachichi yakaanza kusema. Chini, ziwa lilikuwa limebadilika rangi, limeingia mikunjo kutoka upande mmoja hadi mwingine. Kisha upepo wenyewe ukapanda kilima. Ulichukua kofia ya Papa Omer, ukaibandika kwenye uzio, ukalibingirisha beseni tupu ua mzima, ukaingia chini ya bati na kulipiga: ba! ba! ba!

"Bon, haya," alisema Papa Omer, akapandisha sauti juu ya makelele. "Bon! Nitasema kweli, nimezeeka kwa uwongo wiki hizi tatu. Hapa kuna upepo. Kila siku ya kiangazi, kutoka saa hii mpaka jua liingie. Muke wangu alikuwa anaugombeza kama muntu. Wa kwanza kuja kununua alikuwa mwalimu. Nilimuleta saa nane. Kofia yake iliruka mpaka kwa shefu, hata hakurudi kuichukua. Wa pili alitaka kufungua duka la unga. Unga, mama! Alisimama pale ulipo, akatazama, akaniuliza kama namuchukia. Nikasema, wa tatu atakuja asubuhi. Nikashusha mawe, nikayaficha nyuma ya choo."

Laurette aliruka kutoka kitini. Nilimwona amefika kwa dada yake kwa hatua mbili, akamshika kiwiko.

"Yaya," alimwambia, kama dada mkubwa anavyoitwa huku, kwa meno yaliyofungwa, "saa hii njo ya kununa. Sema upepo ni mbaya. Sema tu. Mzee mwenyewe amekwisha kuishusha bei moyoni!"

Victorine alinuna. Kwa kweli alijitahidi. Alikunja uso mpaka nyusi zikagusana, akageuka kumtazama yule mzee aliyekuwa amesimama bila kofia, mvi zake zimesimama zote, macho yake yakiomba radhi kwa hali ya hewa.

"Papa," alianza, "upepo huu ni..."

Injini ikakohoa. Ikakohoa tena. Kisha ikashika.

Alicheka hadi akajishikilia mti. Alikimbia kwenye kichanja, akachukua ndagala moja, akaigeuza, akairudisha, akazunguka kichanja chote akipiga viganja, akacheza hatua mbili tatu za Kitabwa ambazo nadhani hakuwa amezicheza tangu harusi yake. Laurette alikaa chini, akafunika uso kwa mikono. "Ametuua," alisema. "Ametuua kabisa."

Papa Omer alidhani anachekwa. "Mama," alisema kwa heshima, "nilishasema nimekosa."

"Hapana, Papa! Hapana!" Victorine alifuta machozi. "Huu upepo, miye natafuta huu. Miaka minne!"

"Upepo?"

"Upepo."

"Huu?"

"Huu njo wenyewe! Ungenileta saa nane siku ile ya kwanza, ningekuwa nimelala hapa leo!"

Mzee alimtazama, akatazama kichanja, akamtazama tena. "Sisi kule Nyunzu," alisema polepole, "tukiona upepo kama huu tunafunga mulango."

"Na sisi tunatoa samaki nje."

Papa Omer alikaa kwenye ngazi ya baraza. "Kumbe," alisema. "Kumbe nilikuwa naficha mali yangu." Mabega yake yakaanza kutikisika. "Mawe arobaini na mawili! Mimi peke yangu, na mugongo huu! Laiti muke wangu angeona..." Hakumaliza, alikuwa anacheka kwa sauti nyembamba ya ajabu kwa mtu mrefu kiasi kile, na Victorine akaanza upya, na jirani mmoja akachungulia juu ya uzio kuona kuna nini.

Bati liligonga kwa nguvu. Tukakumbuka mawe. Tuliyatoa nyuma ya choo mikono kwa mikono, na kwa kuwa mgongo wa Papa Omer ulikuwa umekwisha kufanya kazi yake, Laurette ndiye aliyepanda ngazi, na blauzi yake nzuri ya sokoni, akinung'unika kwamba hakuna biashara duniani ambapo mnunuzi anamtengenezea muuzaji paa. Victorine alimwelekeza kutoka chini.

"Hilo kubwa liweke pale, juu ya chumba changu!"

Juu ya paa, Laurette alisimama na jiwe mikononi.

"Chumba cha nani?" aliuliza Papa Omer.

"Yaya," alisema Laurette kutoka juu, "sina mukono mrefu, ningekufinya."

"Basi bei imepanda," alisema Papa Omer, akisimama kwa furaha. "Ile ya asubuhi si hii."

"Bei gani, Papa?" alisema Victorine. "Hatujataja bei."

"Ile iliyokuwa kichwani mwangu. Imepanda. Nilikuwa nauza nyumba. Sasa nauza nyumba na upepo."

"Upepo haukuandikwa kwenye karatasi ya parseli."

"Nitauandika! Nina kalamu!"

"Na siku usipovuma, nije Kirungu nikudai?"

"Uje. Hélène atakupikia maharage."

Ilipokaribia saa sita, Victorine alirudi kichanjani. Sote tulimfuata, hata Papa Omer, ambaye kwa mara ya kwanza katika miaka yote aliyoishi kando ya ziwa alikuwa anataka kujua ndagala zinasema nini. Victorine alichukua konzi moja, akaitikisa karibu na sikio lake. Ilitoa sauti ndogo kavu. Akaitikisa karibu na sikio la mzee. Mgongoni zilikuwa bado za fedha, hakuna manjano, hakuna mafuta.

Alizirudisha taratibu. Akafungua fundo la kikwembe, akakikunja upya kiunoni, akakaza. Akajipangusa magamba mikononi. Uso wake ulitulia bila kufundishwa na mtu.

"Papa," alisema, "twende kwa shefu."

Papa Omer alikwenda kuchukua kofia yake kwenye uzio, akaishika mkononi badala ya kuivaa. Laurette alimwagia dada yake masharti ya mwisho: aanze chini, asitaje kitanda, asitaje mama, na kama akisikia kicheko kinakuja, akohoe.

Nami nilikuwa nimekwisha kupiga hatua kuwafuata, lakini Mama Victorine alinisukumia jani la kufukuzia nzi.

"Weye unabaki. Zigeuze, zote, moja moja, usizisukume kama mchanga. Kuku wa jirani akija, mupige kelele. Na sasa unaweza kucheka, mwenye nyumba hayupo."

Walishuka avenue kwa mstari, mzee mbele na kofia mkononi, Laurette nyuma yake akihesabu kitu kwa vidole, na Victorine mwisho, kikwembe chake kikijaa upepo na kumsukuma kwenye mteremko haraka kuliko alivyokusudia kwenda. Kwenye kona alijaribu kukohoa. Haikusaidia. Nilikisikia kicheko kikishika, kikizunguka nyumba ya kona, kikishuka kuelekea kwa shefu, na nikainama juu ya kichanja, nikaanza na ya kwanza.